Mshindi Aliyeachwa Nje

Mtu akinyang'anywa mali yake, kila mmoja ajua kwamba haki imevunjwa. Hata mtoto mdogo ajua. Lakini kuna haki nyingine iliyo ngumu zaidi kuitambua, nayo ni haki ya kugawa. Vitu ni vichache, wanaovitaka ni wengi, nao wote waonekana kuvistahili. Nafasi ni nne, wenye kuzistahili ni watano: yule anayegawa afanye nini ili asimdhulumu hata mmoja? Swali hili lawasumbua wakubwa wa serikali, walimu wa shule, wakuu wa parokia, na hata mama anayegawa nyama jikoni.

Leo twataka kulichungua kwa mfano uliotoka mbali, katika michezo ya Marekani. Msicheke, wala msiseme kwamba michezo si jambo la dini. Mtume Paulo hakuona haya kuwataja wakimbiaji wa kiwanjani alipowafundisha Wakorinto, naye alimkumbusha Timoteo kwamba taji la mshindani hufuata kanuni za mashindano. Mchezo una faida hii kwa mwenye kutafuta ukweli: mambo yake yote ni wazi, hesabu zake zaonekana, na haki na dhuluma zasimama mchana mbele ya watu.

Wamarekani wana mpira wao, usio mpira wa miguu tunaoujua sisi. Umechongoka ncha mbili kama yai refu. Wachezaji 11 kwa 11 huubeba mikononi, huurusha, na kuangushana kwa nguvu nyingi. Kuna ekipe za watu walioufanya mchezo huu kuwa kazi yao, chini ya chama kiitwacho NFL, na kuna ekipe za vyuo vikuu. Kila mwaka ekipe hucheza kwanza michezo ya kawaida. Kisha chache kati yao huingia katika mashindano ya mwisho, ambamo anayeshindwa mara moja hutoka, mpaka abaki bingwa mmoja. Basi neno letu ni hili: ni ekipe zipi zistahilizo kuingia, na kwa kanuni gani?

KANUNI ISIYOMJUA MTU

Chama cha NFL kina ekipe 32. Zimegawanywa pande mbili, na kila upande una makundi 4 ya ekipe 4. Tangu mwaka 2021 kila ekipe hucheza michezo 17. Tangu mwaka 2020 ekipe 14 huingia katika mashindano ya mwisho, yaani 7 kwa kila upande: kwanza wale 4 walio wa kwanza katika makundi yao, kisha 3 wenye ushindi mwingi kati ya waliobaki. Zikilingana, ipo orodha ndefu ya kanuni iliyoandikwa mbele, na kanuni zote zikishindwa kuzitenga, hurushwa sarafu. Hakuna mtu anayeulizwa: «Wewe waonaje?»

Kanuni hiyo huzaa mambo ya ajabu. Katika msimu wa 2008 New England Patriots walishinda michezo 11 kati ya 16, wakaachwa nje. San Diego Chargers walishinda 8 tu, wakaingia, maana walikuwa wa kwanza katika kundi lao lililokuwa dhaifu. Katika msimu wa 2010 Seattle Seahawks waliingia na ushindi 7 na kushindwa 9, na huku New York Giants na Tampa Bay Buccaneers, wenye ushindi 10 kila mmoja, walibaki nyumbani. Tena Seattle walipewa heshima ya kucheza kwenye kiwanja chao dhidi ya New Orleans Saints, waliokuwa na ushindi 11. Nao wakawashinda 41 kwa 36. Katika msimu wa 2024 Minnesota Vikings walishinda michezo 14 kati ya 17. Lakini kundini mwao Detroit Lions walishinda 15; kwa hiyo Vikings waliwekwa katika nafasi ya 5 ya upande wao, nyuma ya ekipe mbili zilizoshinda 10 tu.

Watu wengi hupiga kelele: «Hii ni dhuluma! Tangu lini 8 ikawa zaidi ya 11?» Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Katika kundi moja kila ekipe hukutana na wenzake watatu mara mbili mbili, yaani michezo 6. Michezo 8 mingine huicheza na wapinzani walewale wanaokutana na wenzake wa kundi. Michezo 3 tu ndiyo inayowatenga. Basi ndani ya kundi kipimo ni kimoja karibu kwa wote. Lakini kati ya kundi na kundi kipimo si kimoja: aliyeshinda 11 huenda alikutana na wanyonge, na aliyeshinda 8 huenda alikutana na majitu. Mfanyabiashara apimaye mchele wa huyu kwa kibaba kikubwa na wa yule kwa kibaba kidogo, asijisifu kwamba amehesabu vizuri.

Tena kuna jambo lililo kubwa kuliko hesabu. Mkumbuke wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Evanjili. Walioanza kazi alfajiri walinung'unika walipoona kwamba wale wa saa kumi na moja wamepata dinari sawasawa na wao. Mwenye shamba hakuwajibu kwa kuhesabu saa. Aliwakumbusha mapatano ya asubuhi. Twajua kwamba mfano ule wasema kwanza juu ya ukarimu wa Mungu. Hata hivyo una neno la haki ndani yake: aliyepewa kile alichopatana, hakudhulumiwa. Patriots walijua tangu siku ya kwanza kwamba njia salama ni kuwa wa kwanza katika kundi. Waliumia, ndiyo. Lakini kuumia si kudhulumiwa.

Je, kanuni ya namna hiyo haiwezi kuwa mbaya? Yaweza. Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba sheria ni agizo la akili, kwa ajili ya faida ya wote, nalo litangazwe na yule aliye na ulinzi juu ya jamaa nzima. Kutangazwa peke yake hakutoshi. Yapaswa pia iwe ya akili na ya faida. Mwaka 2025 Detroit Lions, ambao kanuni ile ilikuwa imewafaa, walileta hoja kwamba nafasi za walioingia zipangwe kwa wingi wa ushindi, si kwa kundi tu. Baadaye hoja iliondolewa. Sisi hatuamui kama hoja ile ilikuwa bora. Twasifu njia yake tu: walisema kabla ya msimu mpya kuanza, wala hawakudai matokeo ya zamani yageuzwe. Sheria hurekebishwa kabla ya mchezo kuanza, si mpira ukiwa uwanjani.

HUKUMU YA WATU 13

Katika vyuo vikuu mambo ni mengine. Huko vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza michezo 12 tu ya kawaida. Vingi havikutani kamwe. Kwa muda mrefu bingwa wa nchi alipatikana kwa kura za waandishi wa magazeti na za makocha. Kutoka 1998 hadi 2013 kura hizo zilichanganywa na hesabu za mashine, ili kupata ekipe mbili za mchezo wa mwisho. Tangu msimu wa 2014 halmashauri ya watu 13 ilichagua ekipe 4. Na tangu msimu wa 2024 huchagua 12.

Hatusemi kwamba halmashauri ni kitu kibaya. Pasipo na kipimo kimoja, lazima pawe na macho ya watu. Lakini angalieni yaliyotokea Desemba 2023.

Chuo cha Florida State kilikuwa kimeshinda michezo yake yote 13, na kilikuwa bingwa wa umoja wake, ulio mmojawapo wa miungano mitano mikubwa. Lakini mwezi wa Novemba kijana aliyeongoza ekipe, Jordan Travis, aliumia vibaya mguuni. Wenzake walicheza bila yeye, wakashinda mbili zilizobaki, dhidi ya Florida na dhidi ya Louisville. Halmashauri ilipokaa, iliwachagua Michigan na Washington, ambao hawakushindwa hata mara moja, kisha Texas na Alabama, walioshindwa mara moja kila mmoja. Florida State wakaachwa nje. Haikutokea kamwe kabla ya hapo, tangu kuanza mashindano ya ekipe 4, kwamba bingwa wa umoja mkubwa asiyeshindwa aachwe. Sababu iliyotolewa ni kwamba bila kijana yule ekipe haikuwa tena ile ya kwanza. Kijana mwenyewe aliandika kwamba afadhali mguu wake ungevunjika mapema zaidi, ili watu wapate nafasi ya kuona kwamba ekipe ile si yeye peke yake. Neno hili lachoma moyo. Mtu atamani jeraha lake liwe la zamani zaidi, ili ndugu zake wasiadhibiwe kwa ajili yake!

Tuwe wa kweli kwa pande zote mbili. Alabama hawakuwa wezi. Walikuwa wamewashinda Georgia, waliokuwa wa kwanza katika orodha, na njia yao ilikuwa ngumu. Na kanuni za halmashauri, zilizoandikwa mbele, ziliiruhusu kuangalia kama mchezaji mkubwa hayupo. Kwa hiyo tusiseme kwamba watu wale 13 waliivunja kanuni. Kama kosa lipo, limo ndani ya kanuni yenyewe.

CHEO NA TUZO

Mtakatifu Tomaso afundisha kwamba katika kugawa, haki haitaki wote wapate sawasawa, bali kila mmoja apate kwa kadiri ya sababu inayohusu kitu chenyewe. Ukimpandisha mtu kuwa mwalimu mkuu kwa ajili ya elimu yake, umetazama sababu inayofaa. Ukimpandisha kwa kuwa ni tajiri au ndugu yako, umetazama uso wa mtu. Na huo ndio upendeleo, dhambi dhidi ya haki. Basi kila mgawaji ajiulize: kitu hiki chagawiwa kwa sababu gani?

Hapa yatupasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani cheo na tuzo. Cheo hutazama mbele. Dereva aliyeendesha gari miaka 20 bila ajali, akipofuka leo, hatumpi tena usukani, ingawa matendo yake ya zamani ni mazuri. Tukimpa, abiria watakufa. Cheo ni kwa ajili ya wale watakaotumikiwa. Lakini tuzo hutazama nyuma. Mwanafunzi aliyeshinda mitihani yote ya mwaka, akiugua malaria wiki ya mwisho, mwalimu hawezi kumnyima cheti chake kwa kusema: «Nadhani mwaka ujao hutafanya vema.» Cheti ni malipo ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Je, kuingia katika mashindano ya mwisho ni cheo, au ni tuzo? Sisi twasema ni tuzo. Maana ekipe dhaifu ikiingia, haimuui mtu. Itashindwa yenyewe, na kutoka. Hatari yote yaibeba yenyewe. Basi, kwa nini tuihukumu kwa yale ambayo bado haijayafanya? Uwanja upo kwa kazi hiyo. Kumwambia mtu, «Najua utashindwa, kwa hiyo usishindane,» ni kumwondolea nafasi ya kuonyesha kwamba umekosea.

Mwingine atajibu: «Lakini mlisikia mwisho wake? Tarehe 30 Desemba 2023 Florida State walicheza na Georgia, wakapigwa 63 kwa 3!» Tumesikia. Lakini wachezaji wengi wa Florida State hawakucheza siku ile, maana tumaini lao lilikuwa limekwisha. Tena, hata kama wote wangecheza na kupigwa hivyo hivyo, hukumu hupimwa kwa yale aliyoyajua mwamuzi saa ya kuhukumu, si kwa yale yaliyokuja baadaye. Mwamuzi anayemfunga mtu bila ushahidi ametenda dhuluma, hata kama miaka kumi baadaye mtu yule ataiba.

Na kuna dhuluma iliyo nzito kuliko hiyo. Mwaka 2017 chuo cha Central Florida kilishinda michezo yote 12, halmashauri ikakiweka nafasi ya 12. Kikawashinda Auburn 34 kwa 27, kikamaliza bila kushindwa, wala hakikupata hata nafasi ya kujaribu ubingwa, kwa kuwa umoja wake ulihesabiwa kuwa mdogo. Kingefanya nini zaidi? Hakuna mchezo wa kumi na nne katika kumi na tatu. Sheria ambayo mtu aweza kutimiza yote iliyomwagiza na bado asifunguliwe mlango, hiyo si sheria, ni hisani ya wakubwa. Ndiyo maana sisi twaiona ni heri kwamba tangu 2024 mabingwa watano wa miungano wana nafasi zao. Mwaka 2025 Tulane na James Madison waliingia kwa mlango huo. Walishindwa katika mchezo wao wa kwanza, na wengi wakasema nafasi zao zimeharibika bure. La, hazikuharibika. Walishindwa uwanjani, ambapo ndipo mahali pa kushindwa.

NENO KWA WAKATOLIKI

Sasa tuguse kidonda chetu wenyewe. Chuo cha Notre Dame ni chuo kikatoliki, kilichoanzishwa mwaka 1842 na Padri Edward Sorin wa Shirika la Msalaba Mtakatifu. Wakatoliki wengi wa Marekani huipenda ekipe yake kama watoto wa nyumbani. Mwaka 2025 Notre Dame ilishindwa michezo miwili ya kwanza, na Miami kwa 27 dhidi ya 24, na Texas A&M kwa 41 dhidi ya 40; kisha ikashinda 10 mfululizo. Miami nayo ilimaliza na ushindi 10 na kushindwa 2. Mwezi wa Novemba halmashauri iliiweka Notre Dame juu ya Miami. Siku ya mwisho, ingawa hakuna kati yao aliyecheza wiki ile, iligeuza: Miami ndani, Notre Dame nje. Chuo kikahuzunika, kikakataa kucheza mchezo mwingine wowote msimu ule.

Moyo wa mkatoliki wataka kusema: «Tumedhulumiwa.» Lakini kama tumekubali mafundisho ya Mtakatifu Tomaso, tusiyaache mlangoni pa nyumba yetu. Hao wawili walikuwa sawa kwa hesabu, nao walikwisha kukutana ana kwa ana, na Miami ilishinda. Sababu ipi ifaayo zaidi kuliko hiyo? Kuitaka nafasi kwa kuwa ni ekipe yetu ni kutazama uso wa mtu, na upendeleo haugeuki kuwa haki kwa kuvaa rozari.

Walakini Notre Dame ilikuwa na neno moja la haki. Kama ushindi wa ana kwa ana ulikuwa na uzito, ulikuwa nao tangu mwezi wa Agosti. Kwa nini haukutajwa kwa nguvu hiyo wiki zote za Novemba? Hukumu iliyo sawa, ikichelewa hivyo bila kuelezwa vema, hufanana na hukumu ya hila. Mwamuzi hana deni la kutoa hukumu sawa tu. Ana deni pia la kuionyesha njia aliyoifuata, ili hata aliyeshindwa aweze kuitembea kwa akili yake na kufika mahali palepale.

TUKUSANYE

Katika Matendo ya Mitume twasoma jinsi Matia alivyochaguliwa mahali pa Yuda. Petro hakusema: «Tumtafute aliye bora machoni petu.» Kwanza alitaja sharti mbele ya wote: awe mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohane mpaka Bwana alipopaa. Sharti hilo lilitazama mambo yaliyokwisha kutendeka. Wawili wakaonekana wanalitimiza. Ndipo waliposali, wakapiga kura, na kura ikamwangukia Matia. Yosefu Barsaba aliachwa, wala hatusikii kwamba alidhulumiwa, wala kwamba alinung'unika. Hapo pana yote tunayoyatafuta: sharti lililotangazwa, matendo yaliyopimwa, na unyenyekevu wa kukiri kwamba kati ya wawili wanaolingana akili ya mtu haiwezi kutenga.

Basi nasi, tunapogawa, tufanye hivyo. Je, parokia ina karo ya watoto watatu, na walioomba ni kumi? Tuseme kabla ya maombi kufika ni sababu gani zitatazamwa, kisha tuzitazame hizo tu. Je, twachagua kiongozi wa kwaya au wa chama? Hicho ni cheo. Tutazame mbele, nani atawatumikia wengine vema. Je, twatoa zawadi ya kazi iliyofanyika? Hiyo ni tuzo. Tusimnyime mtu kwa ajili ya ugonjwa wake, wala ukoo wake, wala udogo wa kijiji chake. Na aliyeachwa aelezwe sababu, usoni, kwa maneno anayoyaelewa.

Na sisi tutakaoachwa, maana kila mmoja ataachwa siku moja, tukumbuke neno la wazee: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tuulize kama tuliumia tu, au tulidhulumiwa. Kama tulidhulumiwa, tuseme wazi kwa faida ya wale watakaokuja nyuma yetu. Kama tuliumia tu, tumpe mwenzetu mkono.

Liko shindano moja ambalo nafasi zake si 4 wala 14, na kuingia kwa mwenzangu hakunizuii mimi. Hakimu wa siku ile ajua mioyo yote, hahitaji orodha wala sarafu. Angaliweza kutuhukumu bila kutuambia lolote mbele. Hata hivyo, alipokaa na wanafunzi wake kabla ya mateso yake, Bwana wetu Yezu Kristu alitutangazia mapema yatakayoulizwa: wenye njaa, wenye kiu, wageni, walio uchi, wagonjwa, wafungwa, tuliwatendea nini? Yeye asiye na deni kwa mtu alitupa kanuni kabla ya mchezo. Sisi wanadamu, wenye macho mafupi, twapata wapi ujasiri wa kuwahukumu wenzetu kwa kanuni tuliyoificha?